Baraza la wavu Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kabla ya kumwita fundi

Majibu haya nimeyakusanya kutokana na maswali ninayoulizwa karakanani, kwenye simu, na mara nyingine barazani kwa mtu kikombe cha kahawa kikiwa mkononi. Mimi ni fundi wa fremu na nyavu hapa Tanga mjini. Nimefunga mabaraza Raskazone yanayotazama bahari, nimefunga Ngamiani uani kati ya nyumba na nyumba, na nimefungua mengi yaliyofungwa vibaya. Yaliyokufa mapema karibu yote yalianzia mahali pamoja: kwenye maungio. Mbu huingia hapo na kutu huanzia hapo, kwa hiyo utaliona neno hilo mara nyingi.

## Mambo ya mwanzo

1. Baraza la wavu ni nini, na lina tofauti gani na wavu wa dirishani?

Ni baraza lenye paa ambalo pande zake zilizo wazi zimezibwa kwa fremu za wavu wa mbu, likawa na mlango unaojifunga wenyewe. Upepo unapita, mbu anabaki nje.

Dirisha ni dogo na hakuna anayeliegemea. Baraza linaegemewa, watoto wanalipiga mpira, paka wanalipanda, na mvua ya masika inalipiga ubavuni. Fundi hodari wa madirisha anaweza kukutengenezea baraza bovu kwa sababu tu amechukua vipimo vya dirisha akavikuza.

2. Kweli linazuia mbu, au ni urembo tu?

Linazuia, na jambo hili limejulikana zamani. Mwaka 1900 madaktari Sambon na Low walikaa msimu mzima wa malaria katika kibanda chenye wavu karibu na Ostia, Italia. Kabla ya jua kuzama walikuwa wameshaingia ndani, na hawakuugua wakati majirani wao waliugua. Karibu na zama zetu, utafiti uliofanywa Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba nyumba zilizofungwa nyavu milangoni na madirishani, na kuzibwa upenyo wa paa, zilipungukiwa na mbu wa malaria kwa zaidi ya nusu.

Kwetu Tanga kuna sababu nyingine. Mbu wa malaria huuma usiku, na yule wa matende, anayezaliana kwenye mashimo ya vyoo na maji machafu, naye ni wa usiku. Wa dengi anauma mchana, hasa asubuhi na alasiri. Mwaka 2019 dengi ilipozuka Dar es Salaam na hapa Tanga, watu wengi waligundua kwamba chandarua cha kitandani hakimsaidii mtu anayechambua mchele barazani saa nne asubuhi. Baraza la wavu linamsaidia.

3. Nikishalifunga, niache chandarua?

Usiache. Mlango wa baraza hufunguliwa mara nyingi kwa siku, na mbu mmoja akiingia na mtu anatosha. Endelea kulala ndani ya chandarua chenye dawa.

4. Nifunge baraza la mbele au la uani?

Swali hili napenda kulijibu kwa kirefu, kwa sababu watu hulipitia haraka kisha wakajuta.

Baraza la mbele la nyumba ya Kiswahili si la mwenye nyumba peke yake. Hapo ndipo wazee wanapokaa baada ya alasiri, mpita njia anapumzika, habari ya msiba inapofikia kwanza na bao linachezwa. Ukilizungushia wavu na mlango wenye komeo, umewaambia majirani kitu hata kama hukukusudia. Nimewahi kufunga la namna hiyo Ngamiani, kazi safi kabisa, na baada ya miezi miwili mwenyewe akaniita niutoe ule mlango. Watu walikuwa wanasimama barabarani kumsalimia badala ya kuketi.

Ushauri wangu: kama una baraza moja tu na liko mbele, funga nusu. Acha benchi la nje wazi, wavu uanze nyuma yake. Kama una nafasi uani, funga uani. Huko ndiko kina mama wanakochambua mboga, watoto wanafanya kazi za shule, na mchana wanalala mkekani. Mbu wa mchana anawakuta wao kwanza.

Nyumba za Raskazone na Bombo zenye veranda pana inayotazama bustani hazina tatizo hili. Funga unapopenda.

5. Nakaa Pongwe au Muheza, mbali na bahari. Habari za chumvi zinanihusu?

Kidogo. Chumvi inayopeperushwa na upepo huuma zaidi nyumba zilizo ufukweni na hupungua kadiri unavyoingia bara. Pongwe na Maweni shida yako kubwa ni vumbi linaloziba matundu. Muheza ni mchwa na unyevu. Soma swali la 10 kuhusu mbao na la 20 kuhusu kuosha.

## Wavu wenyewe

6. Wavu upi unadumu?

Madukani utakutana na aina nne.

Wavu wa chuma uliopakwa zinki ni wa bei nafuu na mgumu mkononi. Karibu na bahari usiununue. Zinki inaisha, inabaki waya nyembamba kama unywele, na kutu inaukata.

Wavu wa alumini haushiki kutu nyekundu, ila chumvi huuletea unga mweupe na baada ya muda nyuzi zinakuwa dhaifu. Pia ukikunjika haunyooki tena; goti la mtoto likiuingia, alama inabaki daima.

Wavu wa faiba ni nyuzi za kioo zilizofunikwa kwa plastiki. Hauozi kwa chumvi, ukisukumwa unarudi, na fundi yeyote anaweza kuubadilisha. Ubaya wake ni kwamba makucha ya paka yanauchana, cheche ya mkaa inauyeyusha, na ukiwambwa kwenye nafasi pana unalegea. Kwa nyumba nyingi za Tanga huu ndio ninaoupendekeza, mradi fremu ziwe za ukubwa wa kiasi.

Wa mwisho ni wa chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi tunakiita stenlesi. Una nguvu kuliko yote na bei yake ni kubwa kuliko yote. Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji: stenlesi ina madaraja. La 304 ni la kawaida na ufukweni hupata madoa ya kahawia. La 316 limeongezewa molibdeni, kiasi cha asilimia 2 hadi 3, na hilo ndilo linalostahimili chumvi. Ukiwa Raskazone na mawimbi unayasikia ukiwa kitandani, ama nunua 316 ama baki na faiba. Kulipa bei ya stenlesi ukapata 304 hapo ni kupoteza fedha.

7. Nitajuaje kama stenlesi ninayouziwa ni ya kweli?

Mimi mwenyewe nilidanganywa. Baraza langu la kwanza nililifunga nyumbani kwangu Sahare, kwa wavu nilioambiwa dukani ni stenlesi. Ulikuwa unang'aa. Masika moja ilipita. Asubuhi moja mke wangu akaniita nione vigae vyeupe chini ya fremu: michirizi ya rangi ya chai, mmoja chini ya kila skrubu. Nikaugusa wavu kwa kidole pale ulipoingia kwenye fremu, ukavunjika kama mkate mkavu. Katikati bado ulikuwa mzima unang'aa.

Siku hizi nachukua sumaku. Waya ikinasa kwa nguvu, hiyo ni chuma cha kawaida. Ikivutwa kidogo tu si ushahidi wa udanganyifu, kwa sababu stenlesi iliyovutwa kuwa waya nyembamba inaweza kupata mvuto hafifu. Kwa hiyo naongeza jaribio la pili: naomba kipande cha kiganja, nakichovya kwenye maji ya bahari, nakianika kikauke, nakichovya tena, hivyo kila siku kwa wiki mbili. Wa zinki utatoa unga mweupe kisha kutu. Muuzaji anayekataa kukupa kipande cha kiganja amekwisha kujibu swali lako.

Sumaku haitofautishi 304 na 316. Hapo dai karatasi ya kiwandani yenye daraja, na daraja hilo liandikwe kwenye risiti.

8. Matundu yawe na ukubwa gani?

Kipimo cha kawaida cha mbu ni nyuzi 18 upande mmoja na 16 upande wa pili katika kila inchi. Kila tundu linakuwa na milimita 1 na kidogo, na mbu hapiti. Theluthi mbili hivi za eneo la wavu zinabaki wazi kwa hewa.

Wanaokaa karibu na mikoko, kwa mfano Chongoleani au Tongoni, wana adui mwingine: usubi. Ni mdogo kiasi kwamba anapenya wavu wa kawaida bila shida. Huko utahitaji nyuzi 20 kwa 20 au zaidi. Uliza pia unene wa uzi, kwani wavu wa matundu madogo wenye uzi mnene unaziba upepo, na baraza lisilo na upepo Tanga mwezi wa pili halikaliki.

9. Rangi ya wavu ina maana yoyote?

Ina maana. Mweusi au wa kijivu cheusi jicho linaupita ukaona bustani. Mweupe unaakisi jua na macho yanaishia kwenye wavu. Wanaotaka kusitirika mchana wakati mwingine wanachagua mweupe kwa sababu hiyo hiyo.

## Fremu na maungio

10. Fremu ya mbao, alumini au chuma?

Mbao ni nzuri kwa nyumba ya zamani na inatengenezeka. Mninga na mtiki zinastahimili pwani. Mtiki tunao jirani, shamba la miti la Longuza liko wilayani Muheza. Lakini tazama ubao kabla ya kulipa: kiini ni cha rangi ya dhahabu iliyokolea, pembeni kuna weupe. Weupe ule mchwa anaula kama mti mwingine wowote, hata kama umeuziwa kwa jina la mtiki. Msonobari usiuweke chini karibu na sakafu. Na ubao uwe mkavu kabisa. Uliokatwa juzi utajipinda masika, na fremu iliyojipinda haina wavu wa kuiokoa.

Alumini ndiyo ninayoifunga zaidi. Hailiwi na mchwa, haivimbi, ni nyepesi. Tazama unene kwenye ncha iliyokatwa, usikubali chini ya milimita 1.2 kwa baraza. Kuna fremu nyembamba zinazofaa dirisha la choo zinazouzwa kwa ajili ya mabaraza. Ukiibana kwa vidole viwili inabonyea. Jambo lingine, saruji mbichi inaiunguza alumini. Lipu ikauke kwanza, fremu ifungwe baadaye, na ikirukiwa na saruji ifutwe hapo hapo.

Chuma cha mabomba ya mraba ni imara, na wanaotaka grili pamoja na wavu hukipenda. Kifo chake kiko kwenye kulehemu. Bomba likiwa na zinki, moto wa kulehemu unaichoma ile zinki, na pale ndipo kutu inaanza hata kama bomba lingine lote ni jipya. Mwambie fundi asugue kila pointi mpaka ing'ae, apake rangi ya zinki, kisha rangi ya kawaida mara mbili. Ncha za bomba zizibwe, kwa sababu bomba lililo wazi hunywa hewa ya chumvi na kuoza kutokea ndani, usione kitu mpaka siku linapodondoka.

11. Kwa nini wavu wa jirani yangu umelegea kama chandarua cha zamani?

Bila shaka fremu zake ni pana mno. Wavu wa faiba usizidi upana wa mita 1.2 kwa kipande, na mimi huweka ubao au bomba la kukata katikati kwenye kimo cha sentimita 90 hivi. Hapo ndipo watu huegemea. Bila hilo, mgongo wa mgeni ndio unaowamba wavu.

Chini kabisa usianzie wavu kwenye sakafu. Jenga kozi mbili au tatu za tofali, sentimita 45 hadi 60. Matone ya mvua yanayoruka, fagio, kuku na mateke ya watoto yote yanaishia kwenye tofali.

12. Wavu ushikwe vipi kwenye fremu?

Jibu hili ndilo ningependa ulisome mara mbili. Njia ya mkato ni kupigilia misumari midogo au pini pembeni ya wavu. Kila pini inatoboa uzi, na kila tundu lililotobolewa linapanuka upepo unapovuta. Baada ya mwaka pembeni kumekuwa na vijidirisha.

Njia inayodumu ni mfereji: fremu ina kijifereji kuzunguka pande zote, wavu unalazwa juu, kisha raba ya mviringo inasukumwa ndani kwa kigurudumu kidogo mpaka wavu unakazwa. Hakuna kinachotobolewa, na wavu ukichakaa unachomoa raba, unaweka mpya kwa nusu saa. Kwa fremu ya mbao, mfereji unaweza kuchongwa, au wavu ubanwe kati ya fremu na kipapi cha mbao kilichofungwa kwa skrubu.

Skrubu nazo ziwe za stenlesi. Alumini nzuri iliyofungwa kwa skrubu ya chuma cha kawaida ufukweni, mwaka wa pili unaanza kukata skrubu kwa msumeno. Na kwa kuwa hata stenlesi ikigusana na alumini penye maji ya chumvi alumini ndiyo inayolika, weka washa ya plastiki, kile kiduara chenye tundu katikati, chini ya kichwa cha skrubu. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, na karibu hakuna anayekiweka.

13. Nyumba yangu ni ya zamani, ukuta wa mawe na chokaa. Fremu itashika?

Itashika ukienda polepole. Usitumie mashine kwa mtindo wa kugonga; chokaa inamomonyoka na tundu linakuwa shimo. Toboa kwa kuzungusha tu, tafuta jiwe badala ya kiungo cha chokaa, tumia skrubu ndefu. Kuta hizi hazijanyooka, kwa hiyo kati ya fremu na ukuta patabaki nafasi. Zijaze kwa ubao uliochongwa kufuata ukuta, kisha silikoni. Silikoni peke yake kwenye nafasi ya vidole viwili haikai.

## Mlango na nyufa

14. Mlango mzuri wa baraza una sifa gani?

Unafunguka kuelekea nje, ili anayetoka amsukume mbu badala ya kumvuta ndani. Unajifunga wenyewe kwa springi au bawaba zenye springi. Unapojifunga haupigi kishindo, maana kusi ikishika kasi mlango usio na kizuizi unajivunja wenyewe kwa wiki chache. Bawaba ziwe tatu, za stenlesi au shaba. Chini kuwe na brashi inayogusa kizingiti.

Usiku zima taa ya ndani ya baraza, washa ya nje, zunguka mlango mzima. Penye mwanga unaopita, mbu anapita. Mwachie fundi malipo ya mwisho baada ya jaribio hili.

15. Tumefunga pande zote lakini juu, kati ya ukuta na mabati, kuko wazi. Kuna ubaya?

Kuna ubaya mkubwa. Mbu wa malaria ana tabia ya kupanda ukutani na kuingilia upenyo huo wa juu. Ziba kwa wavu, si kwa saruji, ili hewa ya moto itoke.

## Wezi, mvua, joto

16. Wavu unazuia wezi?

Hapana. Kisu kinauchana bila sauti. Ukitaka usalama weka grili nje na wavu ndani, kila kimoja na fremu yake, ili wavu uweze kutolewa kuoshwa bila kugusa grili. Na nakusihi: mlango wa grili uwe unafunguka kutoka ndani bila kutafuta ufunguo gizani. Moto ukianzia ndani, baraza lenye kufuli ni mtego.

17. Mvua ya masika inapita kwenye wavu. Nifanyeje?

Wavu hupunguza nguvu ya matone lakini hauzuii maji. Ongeza sehemu ya paa inayotokeza nje, sakafu iteremke kidogo kuelekea nje, na ukingo wa chini wa fremu utobolewe vijitundu vya kutolea maji. Mafundi wengi huviziba kwa silikoni wakidhani ni kasoro. Maji ya mvua yakibaki mferejini yakichanganyika na chumvi, umefuga kutu nyumbani. Upande unaopigwa sana, pazia la turubai la kukunja linatosha kwa siku zile chache.

18. Litakuwa na joto?

Zaidi kidogo kuliko baraza wazi. Ukifunga upande mmoja wavu na upande wa pili kuna ukuta mtupu, upepo hauna njia. Acha pande mbili zinazokabiliana, hata kama ya pili ni nafasi ndogo juu ya mlango. Feni ya dari inasaidia, na mbu aliyeponyoka hapendi kuruka kwenye upepo wa feni.

## Gharama na fundi

19. Nitakadiriaje kabla ya kuitisha bei?

Chukua mfano wa baraza la kona: upande mmoja mita 4, wa pili mita 2.5, jumla mita 6.5 za kufungwa. Mlango ni mita 0.9; zinabaki 5.6, yaani vipande vitano vya upana wa mita 1.1 hivi. Ukuta mdogo chini ni sentimita 50, juu wavu mita 1.9. Kila kipande kinahitaji wavu wa mita 2 na kidogo, mlango mita 2.2. Kwa roli ya upana wa mita 1.2 nunua mita 14, na kinachobaki kitunze kwa kiraka.

Utakuta kwamba wavu ni sehemu ndogo ya gharama yote. Fremu na ufundi ndivyo vinavyokula fedha. Kwa hiyo kubana kwenye wavu hakukuokolei kitu. Linganisha bei za mafundi kwa karatasi inayotaja unene wa fremu, aina ya wavu, skrubu na bawaba. Anayekupa jumla moja tu bila maelezo huwezi kumlinganisha na mwenzake. Kabla ya kutoa malipo ya awali, omba akupeleke kwenye baraza alilofunga miaka mitatu nyuma, si la mwezi uliopita, na ukifika tazama chini ya skrubu.

## Matunzo

20. Nilioshe vipi na mara ngapi?

Ufukweni kila mwezi, kwingine kila miezi mitatu. Maji baridi yasiyo ya chumvi, sabuni kidogo, brashi laini, kisha suuza sana maungio. Maji ya kisima chenye chumvi hayafai. Dawa za kufulia zenye klorini zinaila stenlesi, na mafuta ya taa yanaharibu plastiki ya faiba.

21. Umetoboka tundu dogo. Nibadilishe wote?

Tundu la ukubwa wa shilingi shona kwa uzi wa nailoni na kipande ulichotunza. Likiwa karibu na ukingo, badilisha kipande kizima. Pale kiraka hakishiki.

## Hali za pekee

22. Kila kitu kimefungwa vizuri na bado mbu wamo. Kwa nini?

Bibi mmoja wa Makorora aliniita na maneno haya: "Mwanangu, mbona umenifungia mbu ndani badala ya nje?" Nikamwamkia, nikaingia na tochi. Mlango ulikuwa sawa, juu sawa, fremu sawa. Pembeni kulikuwa na pipa la maji ya akiba lenye kifuniko cha bati kilichopinda, na chini ya mmea wa mlangilangi kisahani cha maji. Nikamulika kisahani. Viluwiluwi walikuwa wakijinyonganyonga, wengi. Mbu wa dengi anapenda hasa maji masafi ya vyombo vidogo, na pale walikuwa wanazaliwa, wanauma, wanataga, bila haja ya kutoka.

Mwaga visahani kila wiki, usugue kingo zake maana mayai hushikilia hapo hata pakiwa pakavu. Pipa lifunikwe kwa kipande cha wavu huo huo na kamba.

23. Naweza kupikia humo?

Jiko la mkaa likae nje. Cheche inatoboa faiba, na mafuta ya kukaanga samaki hunasa vumbi mpaka wavu unakuwa pazia. Hata wenye stenlesi watajuta kwa kuosha.

24. Nimepanga. Nitumie fedha yangu kwenye nyumba ya mtu?

Tengeneza fremu za kuvuliwa, zilizobanwa kwa nati za masikio kwenye nguzo badala ya kutoboa ukuta. Ukihama unahama nazo. Ongea na mwenye nyumba kwanza na mwandikiane, hata ukurasa mmoja.

25. Nahitaji kibali?

Kuweka wavu kwenye baraza lililopo ni kazi ndogo. Ukiongeza paa, nguzo au ukuta, hapo unabadilisha jengo. Pita ofisi ya mipango miji ya Halmashauri ya Jiji kabla ya kununua tofali.

26. Baraza langu lina miaka kumi na wavu umechoka. Nibomoe?

Usibomoe kabla ya kuchunguza. Chukua bisibisi nyembamba, choma kila kiungo cha fremu: pembe, chini ya skrubu, mahali fremu inapokutana na ukuta. Kwenye mbao ikiingia bila kusukumwa, kipande hicho kimekwisha. Kwenye chuma gonga, usikilize. Bomba zima linalia, lililooza ndani linatoa sauti ya kopo. Alumini tafuta unga mweupe kwenye maungio. Kama viungo ni vizima, vua wavu, osha mfereji, nunua raba mpya maana ya zamani imekakamaa, wamba wavu mpya. Nimefanya hivyo kwenye veranda moja ya Raskazone yenye fremu za mtiki zilizokuwapo kabla sijaanza ufundi, na tulibadilisha skrubu na wavu tu.